Muulize Bi Tikiti: Kilomita za angani na saa za kwenye tiketi

Safari hii barua zote zinaruka. Sijui ni kwa sababu likizo imekaribia, au ni kwa sababu siku hizi kila nyumba ya Tanga ina mtoto aliyeko Muscat, Doha au Marekani, lakini maswali yanafanana: kutoka hapa hadi pale ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani. Kwa wasomaji wapya, mimi niliuza tiketi za ndege Ngamiani mpaka nywele zikageuka rangi, na sasa nauza maneno tu. Kilomita ninazozitaja ni za mstari ulionyooka kutoka uwanja hadi uwanja. Saa nazitaja kwa Kiswahili, ila pale ninaponukuu tiketi. Barua nimezifupisha, wenyewe mniwie radhi.

Bi Tikiti, salaam aleikum. Nimestaafu mashamba ya mkonge, nakaa Chumbageni. Majuzi wanangu walinikatia tiketi ya ndege nirudi nyumbani kutoka Dar, wakaniambia ni dakika arobaini tu. Mama, nimekaa humo karibu saa mbili! Enzi za East African Airways tulipanda Dakota hapa hapa Tanga na sikumbuki mashaka hayo. Au umbali umeongezeka? – Mzee wa Mkonge

Waaleikum salaam, kaka yangu. Umbali haujaongezeka hata hatua moja, na wanao hawakukudanganya. Waliacha tu kuuliza swali moja, nami nitalifikia.

Kwanza umbali. Dar na Tanga ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, zote kwenye longitudo ya 39 na kitu. Hiyo ni bahati kwa anayehesabu, maana inabaki kutoa latitudo tu. Uwanja wa Julius Nyerere uko digrii 6 na dakika 53 kusini mwa ikweta (dakika hizi ni za ramani, si za saa, na sitini hufanya digrii moja), uwanja wetu uko digrii 5 na dakika 5 na nusu. Tofauti ni dakika 107 na kitu. Sasa, kila dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, na ndiyo maana manahodha na marubani hawaachani na maili hiyo. Zidisha, unapata karibu kilomita 200. Kwa basi ni kama 350, kwa sababu barabara haina haraka: inakuingiza bara mpaka Segera, ndipo ikushushe Mkata na kuendelea kusini.

Ndege ndogo za pangaboi zinazotua kwetu, hizi Cessna Caravan za abiria kumi na wawili hivi, huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya 200 kwa 300: dakika arobaini. Hesabu ya wanao ni safi.

Lakini ndege yako, kwa jinsi ulivyoniandikia kwamba ulishuka kunyoosha miguu "visiwani mara mbili", ilipita Unguja na Pemba. Hapo mstari ulionyooka umekufa. Dar hadi Unguja ni kilomita 73. Unguja hadi Pemba ni 125. Pemba hadi Tanga ni 84. Jumla 282. Kwa kilomita peke yake ungeongezewa dakika kumi na sita tu, wala usingeniandikia barua. Muda haukuliwa angani, uliliwa chini. Kila inapotua, ndege hupunguza mwendo mapema, hujipanga na njia ya kutua, huviringika hadi maegesho, injini huzimwa, mama mwenye madumu anashuka, wengine watatu wanapanda, mzigo unapangwa upya nyuma ili uzito ukae sawa, halafu yote hayo yanaanza tena kwa kinyume. Weka robo saa kwa kila kisiwa, na kuruka dakika ishirini, thelathini, ishirini. Inatoka saa moja na dakika arobaini, na upepo ukiwa mbaya saa mbili umezisogelea.

Upepo nao tuutaje, maana kwa ndege ndogo si mchezo. Ulisafiri wakati wa kusi. Kusi ikivuma kilomita 40 kwa saa mgongoni mwa ndege inayokuja Tanga moja kwa moja, zile dakika arobaini zinakuwa thelathini na tano. Ndege hiyo hiyo ikirudi Dar inaukabili upepo kwa uso, mwendo unashuka hadi 260, inachukua dakika arobaini na sita. Ukitazama vizuri utaona kwamba ulichokikosa kwenye kurudi ni kikubwa kuliko ulichokipata kwenye kuja. Ni hivyo siku zote, na wanaodhani upepo hulipa deni lake hawajakaa na rubani.

Ama kuhusu Dakota: East African Airways ilianza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, na hizo DC-3 zake, ndizo Dakota zenyewe, hazikupishana sana kasi na hizi ndogo za leo. Kilichopishana ni umri wako, kaka yangu. Kijana wa miaka ishirini akikaa dirishani saa mbili anaona bahari, mzee anaona goti.

Siku nyingine wanao wamuulize mkatisha tiketi hivi: "Inatua wapi njiani?" Wasiulize kama ni moja kwa moja. Kwenye biashara hii mtu anaweza kukuapia kwamba hubadilishi ndege, na akawa mkweli, huku ndege hiyo hiyo ikitua mara mbili nawe umekaa ndani.

Shikamoo Bi Tikiti. Binti yangu anakwenda Muscat kwa mumewe. Tiketi ya kwenda imeandikwa Alhamisi, inaondoka Dar 04:55, inafika 11:10. Ya kurudi inaondoka Muscat 14:30, inafika Dar 19:00. Nimehesabu: kwenda saa sita na robo, kurudi saa nne na nusu. Njia ni ile ile, kampuni ni ile ile, mbona zinapishana hivyo? Na hiyo 04:55 ni saa ngapi yetu? Kaka yake anasema ni saa kumi jioni. – Mama wa Muheza

Marahaba, mwanangu. Niruhusu nianze na huyo kaka mtu, maana ndiye atakayemwachisha dada yake ndege.

Saa za tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane na kwenda mpaka ishirini na nne. Ukiona namba iko chini ya 07, ongeza sita. Ikiwa 07 au zaidi, toa sita, na ikibaki kumi na tatu au zaidi toa kumi na mbili tena. Basi. 04:55 ukiongeza sita ni saa kumi na dakika hamsini na tano, na ni ya alfajiri, saa kumi na moja kasoro dakika tano, wakati waadhini wanajiandaa. Ingekuwa jioni tiketi ingesema 16:55. 14:30 ukitoa sita ni saa nane na nusu mchana. 19:00 ukitoa sita inabaki kumi na tatu, toa kumi na mbili, saa moja usiku.

Sasa ifuate hiyo alfajiri mpaka mwisho wake. Ndege ya nje inataka abiria awe uwanjani saa tatu kabla. Kwa hiyo binti yako anatakiwa aingie uwanja wa Julius Nyerere saa nane usiku, usiku wa kuamkia Alhamisi. Maana yake anatoka Muheza Jumatano. Jumatano asubuhi, si jioni. Likipasuka tairi Kabuku muwe na muda wa kulalamika. Familia nyingi husoma neno Alhamisi kwenye tiketi na kuanza kupanga mabegi Alhamisi asubuhi, wakati ndege imeshapita juu ya Somalia.

Zilizo mbaya zaidi ni zile za 00:30 na 01:15. Nimemshuhudia mteja akisindikizwa na ukoo mzima, koti limepigwa pasi, halua ya kupeleka imefungwa vizuri kwa gazeti, wanafika kaunta saa nne usiku ya tarehe ile ile iliyoandikwa kwenye tiketi. Binti wa kaunta akaitazama karatasi, akamtazama mzee, akaitazama tena karatasi. Ndege ilikuwa imeondoka usiku uliotangulia, nusu saa baada ya tarehe kugeuka. Walichukua chai ya mgahawani wakarudi. Halua, nadhani, ilifunguliwa njiani.

Turudi kwenye hesabu yako ya kwenda na kurudi. Hujakosea kutoa. Umetoa saa za miji miwili kana kwamba ni mji mmoja. Tiketi zote duniani huandika saa ya mahali: ya kuondoka ni saa ya mji unaoondoka, ya kufika ni saa ya mji unaofika. Oman wametutangulia saa moja. Kwa hiyo kwenda, toa saa moja kwenye saa zako sita na robo: zinabaki tano na robo. Kurudi, ongeza saa moja kwenye nne na nusu: tano na nusu. Umeona? Zimekaribiana. Hiyo robo saa iliyobaki ni upepo na foleni ya kutua, na mpanga ratiba naye huweka akiba yake ili asilaumiwe.

Kutoka Dar hadi Muscat ni kama kilomita 3,970. Kutoka Unguja ni pungufu kidogo, kama 3,910. Ndege kubwa ya jeti ikishatulia juu inakwenda kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa, na mimi kwenye kaunta nilikuwa natumia 850 nisiumize kichwa. Gawanya 3,970 kwa 850 unapata saa nne na dakika arobaini. Ongeza nusu saa ya kuviringika, kupanda na kushuka, kwa sababu ndege haifiki kasi yake mara tu magurudumu yanapoacha lami, na muda wa tiketi huhesabiwa tangu inapotoka kwenye maegesho mpaka inaposimama kwenye maegesho ya huko. Umeshafika saa tano na dakika kumi, na tiketi yako inasema tano na robo.

Hesabu hiyo ichukue, ni ya bure: kilomita ugawe kwa 850, uongeze nusu saa. Mumbai, ambako shirika letu la Air Tanzania lilianza kwenda mwaka 2019, ni kama kilomita 4,680 kutoka Dar, inakuja saa sita. Guangzhou, wanakokwenda wafanyabiashara wetu wa nguo na vipuri, ni kama 8,710, inakuja saa kumi na dakika arobaini na tano. Usiitumie kwa ndege ya pangaboi, na usiitumie kwa tiketi inayopitia Doha au Addis Ababa, maana hapo kuna kusubiri, na kusubiri hakuna kilomita. Tiketi ya bei nafuu ya Muscat inaweza kuwa na saa saba za angani na saa kumi na moja za kukaa kwenye kiti cha chuma. Wauzaji wengine huitaja bei kwa sauti na muda kwa kunong'ona.

Saa za nchi nyingine za kukumbuka: India wametutangulia saa mbili na nusu (ndiyo, na nusu, msinibishie), China saa tano. Uingereza wako nyuma yetu saa tatu wakati wa baridi yao na mbili wakati wa kiangazi, kwa sababu wao husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Sisi hatusogezi kitu.

Mwambie binti mambo mawili. Asigeuze saa ya mkononi mpaka atue. Na mumewe ambaye atamngoja kutoka saa tano na dakika kumi ya kule asianze kupiga simu Muheza saa tano na nusu kuuliza yuko wapi: kuna mstari wa pasipoti na kuna mizigo.

Bi Tikiti, shikamoo. Niko kidato cha tatu, Korogwe. Tumepewa hesabu ya umbali wa Tabora (5° kusini, 33° mashariki) na Tanga (5° kusini, 39° mashariki). Nilipata kilomita 664 na mwalimu akanipa tiki. Nyumbani simu ya baba inasema ni kama 690 kwa ndege. Nani mkweli? – Mwanahesabu

Marahaba, mjukuu. Wote wakweli, mmepewa Tanga mbili tofauti.

Wewe umechukua digrii sita, ukazidisha kwa kilomita 111 na kidogo za kila digrii, ukazidisha na kosaini ya 5 kwa sababu duara la latitudo yetu ni dogo kidogo kuliko ikweta. Umefanya vizuri sana. Lakini mtunga swali alizungusha namba ili msilie. Uwanja wa Tabora hauko kwenye 33 kamili, uko 32.83. Wa Tanga hauko kwenye 39 kamili, uko 39.07. Tofauti halisi ni digrii 6.24, si 6. Hiyo robo ya digrii uliyoidharau ina kilomita 26, zaidi ya nusu ya njia ya kutoka mjini Tanga kwenda kuitafuta Muheza. Rudia hesabu na namba hizo utapata kama 691, na simu ya baba itanyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo huenda mwalimu atalifikia baadaye. Ulitembea kwenye mstari wa latitudo, lakini ndege hukata njia fupi zaidi, ile ya duara kubwa ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Hapa kwetu tofauti ya njia hizo mbili ni kichekesho: Tabora hadi Tanga haifiki hata mita kumi, kwa kuwa tuko jirani na ikweta. Nenda sasa Madrid hadi New York, miji iliyo yote karibu na digrii 40 kaskazini. Ukifuata latitudo ni kama kilomita 5,930. Ukikata kwa duara kubwa ni kama 5,760. Kilomita 170 zimepotea hewani, na mafuta yake ni pesa. Mtihani ukisema "kwa kufuata latitudo", fuata latitudo. Rubani hajaambiwa hivyo.

Bi mkubwa, mimi dereva wa bodaboda, Mikanjuni. Dunia si inazunguka? Kwa nini ndege isipande juu ya Tanga ikasimama tu, Marekani ikaja yenyewe? Mafuta yamepanda bei. – Mpenda Amani

Kwanza kabisa, mwanangu, Marekani isingekuja. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo chini yako zingepita nchi za magharibi zilizo kwenye latitudo yetu: ungeiona Tabora, ungeiona Kongo, ungekaa juu ya Atlantiki mpaka uchoke, halafu Brazili. Marekani iko kaskazini huko, isingekupitia kamwe.

Pili, hapa Tanga ardhi inakwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,660 hivi kwa saa, na hewa yote inakwenda nayo. Ndege iko ndani ya hewa hiyo. Ikisimama, inasimama juu ya Mikanjuni ile ile. Hewa ingekuwa haifuatani na ardhi, ungekuwa na upepo wa kilomita 1,660 kwa saa barabarani, na sidhani kama kofia yako ya kukodisha kwa abiria ingehimili.

Ila usivunjike moyo, kuna upepo wa kweli unaosaidia. Mbali na ikweta, kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, kuna mito ya upepo inayokimbia kutoka magharibi kwenda mashariki, wakati mwingine kilomita zaidi ya 200 kwa saa. Ndiyo maana London kwenda New York, kilomita 5,540, ni kama saa nane, na kurudi ni saba au chini yake. Februari 2020 kulikuwa na dhoruba kubwa Atlantiki ya kaskazini, na ndege moja ya British Airways ilisukumwa kutoka New York hadi London kwa saa nne na dakika 56. Mafuta yale, kijana wangu, yalipungua kweli.

Bi Tikiti, mimi bibi wa Pangani. Mjukuu wangu anasoma Los Angeles. Ananiambia kutoka Dubai ndege yao ilipanda juu mpaka karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, chini barafu tupu. Nimekwenda kuitazama ramani ya ukutani shuleni. Marekani iko kushoto, ncha iko juu kabisa. Ananifanya mtoto? – Bibi wa Pangani

Bibi mwenzangu, mjukuu ni mkweli, ramani ndiyo yenye maneno. Ramani nyingi za ukutani zimefuata mtindo alioubuni Gerardus Mercator mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Zinafaa kuelekeza chombo, lakini kadiri unavyokwenda juu au chini zinavuta nchi kwa upana. Greenland humo inaonekana imelingana na Afrika, na Afrika ni kubwa mara kumi na nne.

Usiibishie ramani, chukua chungwa. Kikonyo kiwe ncha ya kaskazini. Choma njiti ya kiberiti upande mmoja, juu kidogo ya kiuno cha chungwa: hiyo Dubai. Zungusha chungwa karibu nusu nzima, choma njiti ya pili juu kidogo ya ya kwanza: hiyo Los Angeles. Sasa vuta uzi kutoka njiti hadi njiti, uukaze. Jaribu kuulaza kiunoni, utateleza na kupanda wenyewe, na ukikaza kabisa utakuta umepita pembeni mwa kikonyo. Hiyo ndiyo njia aliyopita mjukuu. Dubai iko longitudo 55 mashariki, Los Angeles 118 magharibi, zijumlishe, 173. Zingefika 180 zingekuwa zimepeana migongo kabisa na njia fupi ingepita juu ya ncha yenyewe.

Kwa njia hiyo ni kama kilomita 13,400, mwendo wa saa kumi na sita hivi. Wangezunguka ubavuni kama ramani inavyokushawishi, zingezidi 16,000. Ukiongeza na Dar hadi Dubai, ambayo ni kama 3,980, mjukuu wako amesafiri zaidi ya kilomita 17,000. Hakuna mahali popote duniani palipo mbali nasi zaidi ya kilomita 20,000, hiyo ndiyo nusu ya mzunguko wa dunia, kwa hiyo huko alikokwenda kumebaki kidogo tu aanze kurudi.

Uliuliza pia umpigie lini, kwa kuwa kila ukimpigia yuko usingizini. Los Angeles wako nyuma yetu saa kumi wakati wa kiangazi chao, na saa kumi na moja kuanzia Novemba mpaka Machi. Wewe ukishamaliza chai yako saa mbili asubuhi, kwake ni saa nne usiku ya jana, au saa tatu miezi ya baridi. Bado hajalala, wala usikubali akikuambia amelala. Saa nane mchana, unayompigia wewe ukitoka kuswali adhuhuri, ndiyo mbaya: kwake ni saa kumi usiku.

Na vocha usinunue, mwambie yeye apige.